Yule Tuliyempita Alhamisi

Nanzala mwanangu,

Umeenda Khwisero kumuaga senge wako, na namjua dada yangu, hatakuachilia kabla hujamaliza kuku, ile ingokho aliyokuchinjia. Kwa hivyo alasiri hii ninayo peke yangu. Mvua imeanza. Mama yako amelifungua begi lako mara ya tatu, anatoa sweta, anairudisha, anaitoa tena. Mimi nimekaa hapa verandani, nimesimama, nimezunguka nyumba, nimekaa tena. Nimemwambia mama yako kwamba naandika mambo ya injini ili usiyasahau ukianza kazi ya basi Nakuru. Nimemdanganya.

Mambo ya injini unayajua. Ukisikia mlio usio wa kawaida unaujua hata kabla yangu siku hizi. Mambo ya baridi ya Nakuru, na chakula, na kupiga simu kila Jumapili, mama yako ameshayasema na bado atayasema kesho mlangoni. Na wale watakaokuambia basi kubwa si kazi ya mwanamke, umekuwa ukiwajibu hapa Matungu tangu siku ya kwanza uliposhika usukani, na sijamwona aliyerudi kuuliza mara ya pili. Sina hofu na wewe kwa hayo.

Nataka kuongea juu ya Alhamisi.

Ulikuwa umeshikia zamu ya dereva Barasa kwenye matatu yake na unanipeleka kliniki. Nilikaa mbele kando yako, mguu wa bandia nimeunyoosha. Tulipokaribia ile njia panda iliyo karibu na shule ya msingi, kulikuwa na mwanaume amesimama ukingoni mwa barabara, amevaa koti jeusi, fimbo yake nyeupe mkono mmoja, mkono mwingine ameuinua. Hakutuangalia. Alikuwa amegeuza sikio upande wetu, anasikiliza gari likija. Kondakta akagonga bodi mara mbili. “Songa, madam! Huyo atatukalisha hapa.”

Nilikuona. Macho yako yalimwangalia yule mtu, yakaenda kwenye kioo, yakaiona ile gari nyeupe nyuma yetu inayotaka kutupita. Kisha ukakanyaga mafuta. Viti viwili nyuma yangu vilikuwa wazi. Ukasema polepole, kama unajiambia mwenyewe, “Huyo wa nyuma atambeba,” ukaongeza sauti ya redio.

Nami sikusema neno. Tulifika Kakamega tunaongea juu ya bei ya sukari.

Tangu siku hiyo silali vizuri, sili vizuri, na mama yako anadhani ni kwa sababu unaondoka. Ni kweli kidogo. Lakini kubwa ni hili: nilinyamaza kwa sababu mguu uliokanyaga yale mafuta niliujua. Ulikuwa mguu wangu. Hata lile jambo la redio ni langu. Ningekugombeza vipi, na hujui baba yako alikuwa dereva wa namna gani?

Basi jua leo.

Mama Felista unamjua kama fundi wa cherehani, aliyekushonea sare za shule tangu darasa la kwanza, na ukimkuta sokoni unamkumbatia kabla hujamsalimia. Unajua aliugua polio akiwa mdogo na kwamba anatembelea magongo mawili. Hujui kwamba kabla sijamjua jina, nilimjua kama “yule wa magongo.” Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa na ile gari ya bluu unayoiona kwenye picha ya ukutani, na asubuhi zote alisimama mahali pamoja, chini ya nguzo ya umeme, kabla ya daraja. Kumpandisha kulichukua muda. Alipanda kwa njia yake: gongo moja ndani, mkono kwenye mlango, mwili, gongo la pili. Nyuma yangu kulikuwa na magari mengine yanayokimbilia abiria walewale. Kwa hivyo nilimwambia kondakta wangu, Shikuku, “Tukifika pale, sema gari imejaa.” Shikuku alisema. Kuna siku alisema hivyo na gari lina watu wanne.

Nilifanya hivyo asubuhi nyingi sana, mwanangu. Siwezi kukuambia ni ngapi maana sikuwa nazihesabu. Hilo ndilo linalonitisha. Mtu angeniuliza asubuhi hizo kama mimi ni mtu mbaya, ningeshangaa. Nilikuwa mzee wa kanisa.

Siku moja nilipokaribia daraja nikamkuta amesimama katikati ya barabara. Katikati kabisa, magongo ameyatanua, amevaa nguo ya kwenda kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Nikafunga breki. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu garini aliisikia, “Dereva, leo utanikanyaga ama utanibeba. Chagua.”

Abiria wakaanza kelele. Wengine walicheka. Mama mmoja wa nyuma alisema, “Dereva, si umbebe tu, huyo ni mtu.” Nilimsikia vizuri yule mama. Nikaweka gia ya nyuma, nikarudi kidogo, nikakata usukani, nikampita kwa kando, magurudumu mawili yakiwa kwenye nyasi. Kwenye kioo nilimwona anageuka kutufuata kwa macho, gongo moja likamtoka mkononi likaanguka. Hapo ndipo nilipoongeza redio.

Jioni niliwasimulia madereva wenzangu kwenye steji, na nikaigiza alivyosimama. Walicheka mpaka wakashikana. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama yako vilevile. Yeye hakucheka. Aliweka obusuma na mboga mezani, akanifunikia sahani, akaenda zake chumbani. Sikumuuliza kwa nini.

Nimesimama kidogo. Mama yako ametoka kuniuliza kama injini ina mambo mengi hivyo. Nimemwambia ina mengi.

Ulikuwa kidato cha pili nilipokatwa mguu. Unajua ilianza na kidonda cha kiatu, na kwamba nilikidharau kwa sababu hakikuuma, na sukari ikafanya kazi yake. Walikata chini ya goti. Daktari akasema kidonda kikisafishwa vizuri kliniki kila wiki, mguu wa bandia utashika na nitatembea, hata pengine kuendesha gari. Haya yote unayajua. Kisha unakumbuka walinirudisha wakakata tena, juu ya goti, na nilikuambia ni sukari.

Haikuwa sukari peke yake.

Wiki ya kwanza tulikodi teksi. Wiki ya pili nilimwambia mama yako, mimi ni dereva wa barabara hii, magari yote haya nayajua, nitaenda na matatu kama watu. Nikajikokota na magongo mapya mpaka barabarani, kwapa zinawaka moto. Nikainua mkono. Gari la kwanza la chama chetu cha matatu likapita. Nikasema dereva hakuniona. La pili likapunguza mwendo, kondakta akanitazama kuanzia usoni akishuka mpaka pale suruali ilipokunjwa, akagonga bodi, likaondoka. La tatu lilikuwa na Shikuku. Alikuwa dereva sasa. Nilimfundisha mimi, kama nilivyokufundisha wewe. Aliniona, Nanzala. Aliwasha taa kunisalimu, akanipungia mkono, akatabasamu, akapita.

Kama angegeuza uso ningeelewa. Lakini alinisalimu. Kwake sikuwa abiria tena. Nilikuwa rafiki yake mgonjwa aliyesimama kando ya barabara.

Nilirudi nyumbani nikawaambia kliniki imefungwa leo, wauguzi wana mkutano. Wiki iliyofuata nikasema daktari ameniambia nipumzike. Wiki nyingine nikasema kidonda kimekauka. Ulikuwa unaniuliza kila ukitoka shule, “Baba, umeenda?” nami nakujibu nimeenda, huku nimekaa kwenye kiti kilekile ulichoniacha asubuhi. Afadhali nioze kuliko kusimama tena pale nipungiwe mkono. Na nilioza. Harufu ndiyo iliyonisaliti kwa mama yako. Mara ile ya pili mguu ulikatwa na mambo mawili: magari yaliyonipita, na uongo niliowaambia ninyi ili msijue yamenipita. Sijui lipi lilikata zaidi.

Baada ya kutoka hospitali mara ya pili, mtu aliyekuja hapa nyumbani ni Mama Felista. Alikuja kwa bodaboda, amekaa upande, magongo yamefungwa kwa mpira nyuma. Ulikuwa shule. Nilimtambua hata kabla hajashuka, na nilitaka kuingia ndani, lakini mtu wa mguu mmoja hajifichi haraka.

Akasema, “Baba Nanzala, mama wa nyumba hii ananiambia kesho uko na kliniki. Tutaenda.”

Nikamuuliza, “Unajua ni mimi niliyekuwa nakupita pale darajani?”

“Nakujua tangu ukiwa na gari ya bluu.”

“Na bado umekuja?”

“Nimekuja kwa sababu ya kliniki. Hiyo ingine tutaongea tukiwa kwa barabara.”

Kesho yake tulisimama pamoja, magongo manne. Magari yalipita. Kila moja likipita nilitaka kurudi nyumbani, na kila mara yeye alisema, “Bado.” Mwishowe moja likasimama, na kondakta, kwa nia nzuri kabisa, akanikumbatia kiunoni aninyanyue kama gunia. Felista akampigia kelele. “Muache! Umemuuliza? Shika mlango usirudi, basi. Yeye atakuambia anataka nini.” Yule kondakta akashika mlango. Mimi sikujua ninataka nini. Ilibidi Felista anifundishe pale pale, mbele ya watu: gongo moja ndani, mkono kwenye mlango, mwili, gongo la pili. Njia yake ileile niliyoiona ni ya kupoteza wakati.

Kwenye foleni ya kliniki nilimwambia ile siku ya daraja nilikosa sana. Akasema, “Ile siku nilikuwa naenda hospitali hiihii. Walikuwa wanatafuta fundi wa kushona mashuka na nguo za wagonjwa, kazi ya kudumu. Nilifika saa nne. Walikuwa wamechukua mtu.”

Nikaanza kulia. Akanikatiza. “Sisemi ulie. Nasema ndio ujue nilikuwa naenda wapi.”

Mwanangu, katika miaka yote ya kuendesha gari sikuwahi kujiuliza yule mwanamke anaenda wapi. Abiria wengine wote nilijua: huyu ni mwalimu, huyu anapeleka ndizi, huyu ana kesi. Yeye nilijua magongo tu. Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema, “Uliza tena tukipata gari ya kurudi.” Tulipata, na sikuuliza. Mpaka leo sijauliza. Anakuja hapa, anakunywa chai, tunacheka, na neno hilo liko katikati yetu mezani kama sahani ambayo hakuna anayeigusa.

Mvua imezidi. Nimehamia ndani ya mlango.

Unakumbuka sisi wawili tulivyoanza kwenda kwenye mikutano ya chama cha wenye matatu. Ulikuwa unatucheka, unatuita kamati ya magongo. Mwenyekiti alitusikiliza kwa heshima, akasema, “Wazee wangu, shida si moyo. Shida ni muda. Abiria hawawezi kungoja.” Felista akauliza kama anaweza kusimama kuongea. Akasema, “Mwenyekiti, jana kwa steji nimeona gari yenu ikingoja mama apange kuku kwa keria. Wakafungwa miguu, mmoja akatoroka, kondakta akamfukuza mpaka kwa kinyozi. Abiria waliketi wakacheka. Mnangojanga kuku. Mimi sitoroki.”

Hapo mkutano ulivunjika kwa kicheko, lakini kicheko hiki kilikuwa upande wetu. Waliamua kujenga ile sakafu ya saruji iliyoinuka kwenye steji, yenye mteremko upande mmoja, ili mlango wa gari uwe sawa na mahali unaposimama, na kiti cha magurudumu kiingie bila kunyanyuliwa. Nawe unajua kilichotokea maana ulikuwepo. Fundi alipima gari likiwa tupu. Gari la kwanza lililokuja limejaa lilikuwa limekaa chini, mlango ukagonga saruji ukagoma kufunguka, watu wakabaki ndani wakitazama nje kama samaki. Ilibidi sakafu ivunjwe ijengwe upya. Nilicheka, lakini nyumbani nilikaa nikifikiri: hakuna aliyetuuliza. Mimi dereva, nilijua gari likijaa linashuka kiasi gani. Felista alijua ngazi inayomfaa ni ipi. Walitujengea bila kutuita.

Sasa iko, na watu wanaitumia. Kina mama wajawazito, wazee, hata wale wa mizigo. Lakini ni steji moja. Ukishatoka pale, barabara nzima ni ukingo wa udongo na mfereji, na dereva na mguu wake. Shikuku bado ananipita siku nyingine. Siku nyingine anasimama. Sijui ni nini kinachomsimamisha.

Basi lako la Nakuru lina ngazi tatu ndefu. Nimeliona kwenye picha uliyomwonyesha mama yako. Wenye kampuni watakutaka uwahi, abiria watapiga makelele, kondakta atagonga bodi. Sitakudanganya kwamba ni rahisi kusimama. Kati ya kuona mkono wa mtu na kukanyaga mafuta kuna muda mfupi kuliko kupiga chafya, na ndani ya muda huo hutakuwa na nafasi ya kufikiri juu ya baba yako wala barua hii. Utafanya ulichozoea kufanya. Mimi nilizoea vibaya, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mguu wangu ukawa unaamua kabla yangu. Ndiyo maana nakuambia sasa, kabla hujazoea. Sogea karibu na ukingo. Muulize anapandaje. Usiondoe gari kabla hajakaa. Mengine utayajua mwenyewe kuliko mimi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonitoa jasho.

Jana nilisema naenda kunyoa. Nilienda kwenye ile njia panda. Nilingoja karibu na shule mpaka walipotoka, na yule wa koti jeusi akatoka na fimbo yake. Ni mwalimu pale, anafundisha historia, anaitwa Mwalimu Pius. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia Alhamisi kuna gari lilimpita likiwa na viti viwili, na mimi nilikuwa ndani, na dereva ni binti yangu.

Akageuza sikio upande wangu. Kisha akauliza, “Ni ile ya injini inayopiga mluzi?” Nikasema ndiyo. Mluzi ule nimekuwa nikikuambia ni mkanda wa injini.

Akasema, “Mzee, mimi sidai kila gari linibebe. Mengine yamejaa kweli. Lakini mwambie asimame hata kama amejaa. Asimame aniambie. Wewe ukipitwa unaona viti, unaona uso wa dereva, unajua kama amekosa nafasi au hakukutaka. Mimi nasikia gari likija, nasikia likienda. Nabaki na mkono juu, sijui kama nishushe.”

Nilimuuliza Alhamisi alikuwa anaenda wapi. Akaniambia: mkewe alikuwa amejifungua usiku ule hospitalini Kakamega, mtoto wa kiume, naye alikuwa anaenda kumshika. Alifika. Gari la tatu nyuma yetu lilimbeba. Mtoto ni mzima. Akacheka akasema ana sauti kama honi.

Nimefurahi kwamba alifika. Lakini si sisi tuliomfikisha.

Nilikusudia kuikunja barua hii na kuiweka chini ya sare zako ili uisome Nakuru, ukiwa mbali, ukasirike mbali, ulie mbali kama utalia. Nilipokuwa naandika juu ya Mwalimu Pius nimeona hiyo ni namna nyingine ya kupita na kumwacha mtu na mkono juu. Nasikia bodaboda inapanda kilima, na sauti yako unamwambia ashike upande wa kushoto kuna tope. Nitakupa mkononi kabla hujavua koti. Uisome hapa, nikiwa nimekaa mbele yako, na ukiwa na la kuniambia, niambie. Sitawasha redio.

Mimi baba yako,
Makokha